Jiko Lililovikwa Shali

Tone lilifika kwenye ncha ya kichupa, likajaa, likanenepa, likagoma kudondoka. Chini yake palikuwa na jicho la kushoto la Bi Mwatima, limekodolewa kuelekea dari. Juu yake palikuwa na mkono wa kulia wa mumewe, Mzee Vuai, mshona kofia mstaafu, na mkono huo ulikuwa umesimama hewani kama mtu aliyeitwa kwa jina asikumbuke kama jina ni lake. Kati ya tone na jicho palikuwa na nafasi ya dole gumba. Ndani ya nafasi hiyo ndimo yalimotokea yote haya, na anayetaka kubisha abishe, lakini asikilize kwanza.

"Vuai," alisema Bi Mwatima, kichwa kimelala kwenye mto, "unanitia dawa au unanipiga picha?"

"Tulia, bibi weye. Kazi ya macho haina haraka."

"Shingo inanikakamaa."

"Na mie mkono. Tumeoana vizuri."

Ng'ambo ya ukuta wa uani kulikuwa na Bi Jokha, jirani yao, mkaanga vitumbua, mwanamke mwenye sauti ya kuweza kuita mtu aliyeshakufa akageuka. "Mzee Vuai! Niache nije nimtie mie! Jana umemtia dawa sikioni!"

"Kaanga vitumbua vyako, Jokha! Mke wangu, jicho lake, mkono wangu. Weye umeingilia wapi hapo?"

"Vyenyewe vinaungua kwa kukusikitikia!"

"Mbona sisikii harufu?"

Na kweli hakuisikia. Alikuwa hasikii harufu ya kitu chochote tangu zamani, kabla hata mkono haujaanza visa vyake, ila hakuna aliyelijali hilo, kwa maana mtu akipoteza pua haulizwi, huulizwa akipoteza miwani.

Macho ya Bi Mwatima yalikuwa na presha. Daktari wa macho alimwambia Mzee Vuai, mbele ya mkewe, maneno yasiyo na pambo: dawa hii isimkose jioni hata moja, kwa sababu uoni unaoondoka na ugonjwa huu haurudi. Watoto walikuwa mbali, kila mmoja na bara lake. Basi Mzee Vuai akaikamata kazi ile kama alivyokamata sindano maisha yake yote, na kwa muda mrefu kila tone lilipata mahali pake. Siku hizi tone huangukia kwenye nyusi. Huangukia puani. Mara moja liliangukia kwenye hereni. Naye hupangusa upesi kwa leso, akasema, "Tayari, mama," na Bi Mwatima husema ahsante. Kisha huinuka kwenda zake, na wiki hizi ameanza kugonga bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango anaoupita tangu aolewe.

Mwimo ule ukigongwa, Mzee Vuai husikia ndani ya kifua chake.

Yeye naye alikuwa na daktari wake, kijana mpole mwenye kalamu nyingi mfukoni, aliyemweleza kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. "Huyo Pakinsoni ni nani," Mzee Vuai aliuliza, "na amefuata nini kichwani mwangu?" Daktari akacheka, akasogeza kiti. Akasema kila seli ya mwili ina vitu vidogo mno viitwavyo mitokondria, na kazi yao ni kuchoma chakula na kutoa nguvu, mfano wa majiko. Akasema chini ya ubongo pana pahali padogo peusi, na majiko ya pale yanachakaa, yanatoa moshi badala ya moto, na seli zenyewe zinakufa. Nazo ndizo zinazotengeneza kile kitu kinachoupa mwili ruhusa ya kwenda. Mwili una utaratibu wa kuondoa majiko mabovu, akasema, lakini mara nyingine utaratibu unakwama, na kwa nini unakwama, wenye elimu bado wanatafuta.

"Na majiko haya nimeyapata wapi mie?"

"Kwa mama yako, mzee. Ya baba hayarithiwi."

"Ndiyo maana," alisema Mzee Vuai. "Baba yangu hata jikoni alikuwa haingii."

Alicheka peke yake njia nzima mpaka nyumbani. Kisha akaacha kucheka, akaanza kuwaza. Na kuwaza, kwa mtu aliyezoea kutunga uongo mtamu akiwa na sindano mkononi, ni hatari.

Hakupanga kwenda. Tone liligoma, akalikodolea, na akiwa analikodolea akajikuta anaingia ndani ya pua yake mwenyewe. Wapo watakaosema haiwezekani, miguu itapita wapi. Yeye naye aliwaza hivyohivyo, akiwa ameshapita. Mlangoni palikuwa na kiti cha mlinzi wa harufu, kitupu, kimeota ukungu. Mwenyewe alishaondoka, wa kwanza kuondoka kuliko wote, bila kuaga. Mzee Vuai akakiamkia kiti, akaendelea.

Njia ya kule haiendi mbele, inaenda ndani. Alikutana na Vuai wa siku ya harusi, kanzu inanukia bila mzee kuisikia harufu yake, anakwenda upande wa pili kwa mwendo wa mtu anayesubiriwa. Wakapishana pasipo salamu, kila mmoja akimdhania mwenzake mzimu. Baadaye kidogo, au mapema kidogo, maana kule saa zinapangana kama kofia dukani, moja ndani ya nyingine, alimkuta mtu ameketi nje ya lango refu la mbao, amejikunyata, anatetemeka. Alipomkaribia akaona ni mkono wake wa kulia.

"Umeniasi," alisema Mzee Vuai.

Mkono ukasema:

"Mimi? Sijaasi. Nakaa hapa. Nangoja. Unasema juu huko, inua, nami nasikia, kama mtu asikiavyo adhana ya mtaa wa pili. Nainuka. Lango halifunguki. Nasukuma. Bawaba kavu. Nasukuma tena, lango linatikisika, linatikisika, wewe unaniona natikisika mimi. Unanificha mfukoni wageni wakija. Unanikalia. Nimekushonea kofia za mabwana harusi. Nimekufungia vifungo. Jana ulininong'oneza neno baya, nikalisikia. Mtawala anayenong'oneza matusi kwa mtumishi wake, je, ana nguvu? Sijui. Mimi ni mkono. Ninachojua, amri yako haifiki na mafuta hayaji. Nenda kawaulize wanaopika mafuta."

Mzee Vuai alilitazama lile lango. Maisha yake yote alidhani akisema *nenda* mkono unakwenda, na kwamba baina ya neno na tendo hapana kitu, pametandikwa zulia tupu. Kumbe pana malango, na kila lango lina bawaba, na kila bawaba inaomba tone la mafuta kutoka mji ambao yeye, mwenye kichwa, hajawahi hata kuusikia. Basi nani anatawala? Anayetoa amri, au anayepaka mafuta ili amri ipite? Na kama anayepaka mafuta naye anategemea jiko, na jiko linategemea kitu kingine, tutashuka mpaka wapi kumtafuta mfalme? Huenda tukifika chini kabisa tukakuta kiti kitupu kama kile cha mlinzi wa pua.

Akaushika mkono wake kwa mkono mwingine, wakaenda pamoja, huyu akiburuta miguu, huyu akitetemeka.

Mji wa wapika mafuta ulikuwa mweusi. Weusi wenyewe haukuwa wa giza, ulikuwa wa wino, wa nywele zilizopakwa mafuta ya nazi, na yaonekana wenyewe walijivunia rangi ile, maana kila mlango ulikuwa umesuguliwa mpaka ukang'aa. Lakini mtaa baada ya mtaa kuta zilikuwa zimepauka. Nyumba nyingi zilikuwa wazi, hazina mtu. Wakazi waliobaki walikuwa na miili midogo na mikono isiyo na kiasi, imetawanyika kama mizizi, inatoka madirishani, inavuka mabonde, kila kidole kimeshika bawaba ya lango fulani la mbali. Miji mingine humo kichwani ina kazi nyepesi. Mkazi wake hushika lango moja au mawili akalala. Wa hapa hushika malango yasiyohesabika, na kwa hiyo hapa ndipo panapohitaji moto mwingi kuliko kwingine, na ndipo watu wanapokufa mapema jiko likichakaa.

Na majiko yalikuwa kila mahali, ndani ya kila nyumba, yamebanana hata hapana pa kutia mguu. Mengine yaliwaka vizuri, kimya, moto wa buluu. Mengi yalikuwa yamepasuka ubavuni na yalifuka moshi mkali wa kuchoma macho, na ajabu yake ni hii: yale yaliyopasuka ndiyo yaliyopambwa. Kila bovu lilikuwa limevikwa shali jekundu. Mbele yake pamewekwa chetezo cha ubani, na mkeka msafi, na watu wameketi wamenyamaza, wanakohoa kwa adabu.

"Hapa kazikwa nani?" aliuliza Mzee Vuai kwa sauti ya chini.

"Hapajazikwa mtu!" Aliyejibu alikuwa bibi mfupi mwenye rundo la mashali begani na hasira ya miaka mingi usoni. Jina lake Bi Miza, na kazi yake ilikuwa kukagua majiko. "Mie nimechoka, bwana weye. Mie kazi yangu tangu ulimwengu huu uwe, jiko likipasuka nalivika shali, ili wavunjaji walijue. Wanakuja, wanalivunja, udongo wanaukanda, linafinyangwa jipya. Basi. Shali maana yake ni *vunja*. Sasa hawa," akawageukia waliokaa mkekani, "hawa wanajifanya hawanisikii, wameliona shali wakaona heshima! Wakaleta ubani!"

"Bi Miza, punguza sauti," alisema mzee mmoja mkekani, huku moshi ukimtoa machozi. "Upo mbele ya jiko tukufu."

"Tukufu, na linakuua?"

"Hatufi. Tunapauka tu."

Mlangoni palikuwa na mwanamume mkubwa, nyundo begani, viatu mkononi. Bi Miza akamwonyesha kwa kidevu. "Na huyu ndiye Machano, mkuu wa wavunjaji. Mwulize."

Machano akainamisha kichwa. "Nitafanyaje, mzee wangu? Naitwa kuvunja. Nafika, nakuta ubani unafuka, watu wamekaa wana majonzi. Navua viatu. Nikishavua viatu, mikono inakataa kuinua nyundo. Naomba dua, narudi zangu. Kesho yake naitwa tena." Akafuta jasho. "Isitoshe, wanasema yametoka kwa mama wa mwenye mji. Nani atavunja cha mama wa mtu?"

Ndipo Mzee Vuai alipouona moyo wa jambo. Hapa hapakuwa na adui. Alikuja amejiandaa kukuta mwizi, mchawi, askari wa kigeni aitwaye Pakinsoni aliyekalia kiti. Kumbe mji unakufa kwa huruma. Unakufa kwa adabu. Kila mmoja anampenda aliyekwenda kiasi cha kuuvuta moshi wake. Na hayo majiko yenyewe, Bi Miza alimweleza huku akimvuta kanzu, hayakuwa hata ya mji huu kwa asili. Zamani sana, kabla hakujakuwa na pua wala kofia, yalikuwa viumbe vinavyojiendea vyenyewe. Vikabisha hodi, vikakaribishwa, vikakaa, mama akampa binti, binti akampa wake, mpaka hakuna tena anayejua mwenyeji nani na mgeni nani. Mzee Vuai akajitazama. Mwili wote huu, aliousimamisha mbele ya watu na kuuita *mimi*, ulikuwa ni wageni waliopewa jiko.

Wapagazi wakapita mbio wamebeba madebe: mafuta ya kuletwa, vile vidonge vya adhuhuri alivyopewa na daktari wake. Watu wakashangilia, bawaba zikapakwa, malango yakafunguka mbali huko moja baada ya jingine. Mkono ukatulia kidogo ubavuni mwake. Kisha madebe yakaisha, wakakaa tena mkekani, wakakohoa.

"Mafuta hayo yana kheri yake," alisema Bi Miza, "yaletwe, tena kwa saa yake. Lakini hayazibi ufa. Mwenye mji ni weye. Sema neno."

Akampeleka kwenye jiko kubwa kuliko yote, shali juu ya shali, moshi mzito. Mzee Vuai akainama. Na mtu huyu asiyesikia harufu ya kitumbua kinachoungua akasikia, puani kabisa, iliki. Akasikia mkaa unaopulizwa. Akasikia jasho la mwanamke aliyevaa kanga asubuhi na mapema. Akakaa mkekani pamoja na wengine. Akachukua ubani akautia chetezoni. Kwa nini asitie? Ni nani angepewa tena harufu ya mama yake halafu akaita mtu wa nyundo?

"Vuai."

Ndani ya moshi mama yake, Bi Mosi, alikuwa amechuchumaa, kipepeo cha kupepea moto mkononi, kijana kuliko mwanawe, uso umeng'aa kwa joto.

"Naam, mama."

"Nimekuachia jiko au nimekuachia kaburi?"

"Mama, limepasuka. Lakini ni lako."

"Langu? Langu nililikuta kwa mama yangu, na lilikuwa limepasuka, nikaliponda, nikafinyanga jingine. Hilo nalo likapasuka nikaliponda. Nimeponda majiko mie hata sikumbuki. Ulikuwa unakula wali weye, ulidhani unapikwa na nini, na mapenzi?" Akapuliza, akakohoa, akacheka. "Mwanangu, unanitia moshi. Huoni macho yangu yanavyochuruzika? Inuka hapo."

Mzee Vuai akainuka. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemharakisha. Akavua shali moja baada ya jingine, akayakunja, akampa Bi Miza. Akamwambia Machano avae viatu. Machano akavaa, akilia kama mtoto mkubwa, na nyundo ilipoanguka pakasikika sauti ndogo tu, ya chungu kinachovunjika uani siku yoyote ile. Moshi ukakatika. Harufu ya iliki ikakatika nayo, papo hapo, pua ikarudi kuwa tundu mbili. Watu mkekani wakatazamana. Mmoja akaushika udongo, akauona una uvuguvugu, akaanza kuukanda.

"Moja hilo," alisema Bi Miza. "Yamebaki mengi, na wavunjaji wachache, na waliokwisha kuhama hawarudi. Sikudanganyi. Mji huu hautakuwa ule."

"Najua."

"Basi na hilo lako je?"

"Lipi?"

Bi Miza akaashiria kwa kidevu. Mzee Vuai akatazama ubavuni. Mkono wake wa kulia, pale ulipokuwa umesimama ukitetemeka, ulikuwa umevikwa shali jekundu kuanzia bega mpaka vidoleni. Hakuwa ameliona.

"Nani kaliweka?"

"Mie. Siku nyingi. Jioni ile dawa ilipoingia kwenye hereni. Ukalibusu, ukalichomea ubani."

"Mtauvunja mkono wangu?"

"Mkono una kosa gani? Mkono ni wako, ukae nao, uusamehe. Tunavunja kile kiti ulichoukalisha. Mke wangu, jicho lake, mkono wangu." Alimwigiza sawasawa, mpaka na kikohozi. "Moshi wake unajua unaingia jicho la nani?"

Tone likadondoka. Likaanguka kwenye nyusi.

Bi Mwatima akapepesa macho, akangoja leso. Leso haikuja. Akangoja neno *tayari*. Halikuja nalo.

"Limekosa, Mwatima," alisema Mzee Vuai. Sauti ilimtoka nyembamba. "Lilikosa jana. Linakosa siku nyingi. Nilikuwa nakupangusa tu."

"Najua."

"Unajua?"

"Vuai, nyusi zangu zimetiwa dawa mpaka zinaona mtaa wa pili. Nitakosaje kujua?" Hakuinua kichwa kwenye mto. "Nilisema nikikwambia utavunjika."

Wakatazamana, mmoja akimwona mwenzake mzima, mwingine akimwona nusu. Kisha Mzee Vuai akaugeukia ukuta wa uani, akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma.

"Jokha!"

"Nini tena, mzee? Umemtia pajani?"

"Njoo umtie dawa mama. Leo, na kesho, na kila jioni. Unawe mikono."

Ng'ambo ya ukuta kikaango kikasikika kinaepuliwa. Bi Jokha akaja mbio, akiwa amejiandaa na maneno ya kutosha mwezi mzima. Alipoziona nyuso zao akayameza yote, jambo ambalo mtaa ule haujapata kulishuhudia tena. Akanawa. Akachukua kichupa.

"Nishikie kichwa asigeuke," alimwambia Mzee Vuai.

Mzee Vuai akauweka mkono wa kulia kwenye shavu la mkewe. Ukatulia kidogo, kisha, ulipokwisha kupumzika pale, ukaanza kutetemeka, taratibu, na shavu likatetemeka nao.

"Mzee, tuliza huo mkono."

"Uache," alisema Bi Mwatima, jicho la kushoto limekodolewa kuelekea dari. "Ndio unaonishika."

Jokha akabinya. Likaingia.